Mtu anawezaje kuwa na OCD na ADHD kwa wakati mmoja?

Mama mwenye duka ninakonunua sukari hapa Bombo alinikabidhi karatasi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu, nisomee hii, macho yangu yamechoka," akasema, ingawa macho yale huona shilingi mia iliyoangukia nyuma ya gunia la maharage. Karatasi ilikuwa ya mwanawe wa miaka 21, anayesoma chuo Kampala na kupanga hosteli Kikoni. Daktari alikuwa ameandika OCD, akaweka alama ya kujumlisha, kisha ADHD. Chini yake jina la dawa moja na tarehe ya kurudi.

"Alinieleza vizuri tu," akaendelea. "La kwanza, mtu anang'ang'ania jambo moja haliachi. La pili, mtu hawezi kushika jambo moja. Sasa mtoto mmoja atang'ang'ania vipi na huku hawezi kushika? Au alipimwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula?"

Mimi si daktari. Naitwa mwalimu kwa sababu niliwahi kufundisha. Siku hizi naandika habari za afya. Lakini swali lake nimelisikia kwa sura nyingi. Kwenye simu za vijana herufi hizi zimekuwa kama mapambo: msichana kapanga viatu kwa rangi, "hii OCD yangu", mvulana kasahau chaja kwa rafiki, "ADHD hiyo". Wazee nao wakisikia herufi za kizungu huamini ni magonjwa ya Wazungu. Wanaougua kweli wamebanwa katikati, na wengi wamenyamaza.

Tuanze na OCD, maana Kiswahili kiliijua kabla ya kliniki zetu. Neno wasiwasi limetoka kwenye Kiarabu, waswasi, yaani mnong'ono wa ndani unaomtia mtu shaka. Wazee wa Kinubi hapa Bombo wakisema "yule ana waswasi", hawamaanishi kwamba ana hofu ya ada za shule. Wanamaanisha mtu anayetia udhu, akifika miguuni anajiuliza kama kichwa alikipaka maji, anaanza upya, mpaka imamu anatoa salamu yeye bado yuko bombani. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika juu ya mawazo yanayomganda mtu mwenye akili zake timamu. Wakatoliki nao wanamjua muumini anayerudi kwa padri kuungama dhambi ileile aliyoondolewa wiki iliyopita, akihofu kwamba hakuitamka sawasawa.

Ugonjwa wenyewe una sehemu mbili. Kuna wazo linaloingia bila hodi na kukataa kutoka: mlango uko wazi, mikono ina vijidudu, nimemgonga mtu kwa pikipiki na sikugundua. Halafu kuna tendo ambalo mtu analazimika kulifanya ili wazo linyamaze: kukagua, kuosha, kuhesabu, kuuliza, kurudia sala. Nafuu huja kweli, na hilo ndilo tatizo. Inadumu dakika chache, kisha wazo linarudi likiwa na njaa zaidi. Madaktari huita ni ugonjwa pale mzunguko huu unapokula zaidi ya saa moja kwa siku, au unapomharibia mtu masomo, kazi na mahusiano. Katika kila watu mia duniani, kati ya mmoja na watatu hupatwa nao wakati fulani maishani.

Kupenda usafi si OCD. Anayependa usafi hufurahia chumba kikishapendeza, mwenye OCD hafurahii chochote. Tena kwa vijana wengi hakuna usafi wala uchafu katika habari hii. Kuna mawazo wanayoona aibu hata kuyataja: kwamba watamchoma kisu mdogo wao, kwamba watatukana katikati ya ibada, picha chafu zinazowajia mbele ya watu wanaowaheshimu. Kijana huyo huficha visu, huacha kwenda kanisani, hukataa kumbeba mtoto wa dada yake. Jirani akijua atasema ana pepo, au amerogwa. Ukweli ni kwamba wazo linamtesa kwa sababu limepingana na tabia yake. Mwenye nia ya kuua hatetemeki kwa wazo la kuua. Aombewe kama ni imani yake, sina ugomvi na maombi; ila apelekwe na kliniki.

ADHD ni habari nyingine. Kwa Kiswahili tungesema upungufu wa umakini pamoja na kutotulia, lakini jina hilo linapotosha kidogo. Umakini upo, ila hauna usukani. Kijana yuleyule asiyeweza kusoma kurasa tatu za somo la uhasibu atakaa saa nne akicheza mpira kwenye simu bila kukumbuka kula. Anaanza mambo saba na kumaliza moja, anapoteza funguo, anachelewa kila mahali huku akiapa kwamba leo atawahi, anamkatiza mtu kabla hajamaliza sentensi. Utotoni alikuwa akipanda madirisha. Ukubwani kutotulia huko huhamia ndani, kama redio ambayo mtu mwingine anabadilisha stesheni. Inakadiriwa kwamba watoto karibu watano katika mia wana ADHD, na watu wazima kati ya wawili na watatu.

Jambo la kushika hapa ni umri. ADHD haianzi chuoni. Dalili zake lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, hata kama hakuna aliyezipa jina. OCD inaweza kuanza utotoni, lakini wengi hupatwa nayo karibu na miaka ya mwisho ya ujana. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wastani ulikuwa miaka 19 na kidogo. Kwa hiyo mtu anaweza kuzaliwa na ADHD, halafu OCD ikamkuta njiani.

Mbona basi ADHD haikuonekana akiwa shuleni? Mama yule aliniuliza hivyo hivyo. Nikamuuliza mtoto alisoma wapi. Shule ya bweni, tangu P5, yaani darasa la tano la msingi. Pale kengele ilimwamsha, kengele ikampeleka kuoga, kengele ikampeleka darasani na kwenye masomo ya usiku, na matroni akamfuata asipolala. Kwa miaka tisa ubongo wake uliazima usukani wa shule. Siku alipofika Kikoni na godoro lake hakuna kengele, hakuna matroni, ni yeye, simu, rolex (chapati ya mayai) ya saa tano usiku na mhadhara wa saa mbili asubuhi. Wazazi husema chuo kimemharibu. Mara nyingi chuo kimemnyang'anya mkongojo tu.

Sasa tuweke vyote viwili ndani ya gari moja. Fikiria taksi inayotoka Kampala kwenda Bombo. ADHD ni dereva asiyeweza kusubiri: anaondoka haijajaa, akiona mtu anapunga mkono Bwaise anakata kona, akisikia muziki Kawempe anasimama. OCD ni kondakta asiyemwamini mtu: anahesabu abiria, anahesabu tena, anataka washuke awahesabu wakipanda. Ukiwa na dereva yule peke yake utafika, ila umechelewa na umezunguka. Ukiwa na kondakta yule peke yake hutoki stendi. Ukiwa nao wote wawili, kondakta anahesabu, akifika kumi dereva anatupa gari kando, hesabu inapotea, kondakta anaanza moja. Hawasawazishani. Watu hudhani mmoja atamtuliza mwenzake, kwamba mwenye kukagua sana angalau hatasahau. Wapi.

Kijana wa mama yule alikubali nieleze kisa cha kufuli lake, bila jina. Asubuhi anafunga mlango wa chumba huku akiwaza kazi ya darasa, huku akisoma ujumbe kwenye simu. Mkono umefunga, akili haikuwapo. Akifika kituo cha boda anajiuliza: nilifunga? Anatafuta kumbukumbu haipati, kwa sababu kweli haikuandikwa. Hiyo ni ADHD. Mtu mwingine angerudi mara moja, akaona kufuli, akaenda zake. Yeye anarudi, analiona, analivuta mara tatu, anashuka ngazi, na ghorofa ya chini sauti inasema: labda lilikaza tu, halikujifunga. Hiyo ni OCD, maana sasa haulizi kumbukumbu, anadai hakika isiyopatikana duniani. Akaanza kulipiga picha. Kwa wiki moja picha ilimsaidia. Wiki ya pili akawa anaitazama picha ndani ya boda na kujiuliza kama ni ya leo au ya jana. Aliponionyesha simu yake ilikuwa na picha 212 za kufuli moja, na nyingine hazikuwa hata na kufuli, alipiga sakafu kwa haraka.

Kwa daktari mwenye dakika tano, kisa hicho ni ugonjwa mmoja. Upi, inategemea nusu aliyoisikia. Na mara nyingi kweli huwa ni mmoja. Mwanafunzi wa OCD anayehesabu maneno ya mhadhiri kichwani ataonekana ameduwaa, hajaandika kitu, na mtu atasema ana ADHD. Umakini wake ni mzima, ila umeajiriwa kwingine. Vivyo hivyo mwenye ADHD aliyewahi kuunguza sufuria anaweza kujizoesha kukagua jiko kila anapotoka, na hiyo ni busara tu ya mtu anayejijua. Tofauti iko kwenye kikomo: mwenye busara akishaona jiko limezimwa anaondoka.

Ndiyo maana mpimaji mzuri hutaka mzazi aje, na ripoti za shule zije pia. Mama alikuwa nazo zote, kwenye kavera nyeusi, mfuko wa plastiki, juu ya kabati. P2: ana akili, mchezo mwingi. P3: hamalizi kazi. P4: anasumbua wenzake, anaweza kufanya vizuri zaidi. Walimu watatu wasiojuana walikuwa wameandika historia ya ugonjwa bila kujua. Hakuna hata moja iliyotaja kukagua wala kuosha. Hayo yalianza S6, mwaka wa mwisho wa sekondari.

Mpimaji atauliza na mengine. Usingizi, sonona, mshtuko wa mambo yaliyompata, bangi. Hapa Uganda atauliza pia kama utotoni mtu alipata malaria iliyopanda kichwani. Utafiti uliofanywa kwa watoto waliolazwa hospitali ya Mulago, Kampala, ukachapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri, hasa upande wa umakini. Historia hiyo haimaanishi kwamba kijana hana ADHD, ila lazima ijulikane. Na atauliza juu ya mairungi, yaani miraa. Wanafunzi huyatafuna ili wakeshe na vitabu, na wenye ADHD huniambia kwamba siku hiyo ndipo "kichwa kilitulia". Siwashangai: ndani yake kuna kathinoni, kemikali ya ukoo mmoja na amfetamini, na baadhi ya dawa za ADHD ni amfetamini zenyewe. Lakini majani hayana dozi, hayana anayepima shinikizo la damu, na kwa mwenye OCD usiku wa mairungi unaweza kugeuka usiku wa kukagua.

Tukafika kwenye tiba, na mama akaleta methali: mshika mawili moja humponyoka, sasa hawa watatibu vipi mawili? Kwa hakika madaktari wanakubaliana naye nusu. Hawaanzi yote siku moja, kwa sababu kijana akibadilika hawatajua nini kimembadilisha. Huanza na lile linalomuumiza zaidi. Kama OCD inakula saa nne za siku, wataanza nayo, na mara nyingine kondakta akitulia umakini unarudi wenyewe. Wakigundua hivyo, pengine ADHD haikuwapo. Kama ADHD ni kali kiasi kwamba mtu hakumbuki hata miadi, kungoja OCD iishe ni kumdanganya, kwa sababu tiba ya OCD ina kazi za nyumbani na hatazifanya.

Tiba hiyo ya mazungumzo ndiyo yenye nguvu zaidi kwa OCD, na si mazungumzo hasa. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliionyesha London mwaka 1966: mgonjwa anaikaribia hofu yake makusudi, halafu anajizuia kulifanya tendo linalompa nafuu. Kukabili, na kutotii. Wanaandika ngazi, chini hofu ndogo, juu hofu kubwa, kila moja na alama kutoka 0 hadi 100. Kwa kijana wetu ngazi ya chini ilikuwa kufunga kufuli, kulivuta mara moja badala ya tatu, na kushuka bila kutazama nyuma. Aliipa 35. Kupita siku nzima bila picha, 60. Kumwachia rafiki afunge, yeye akiwa ameshatangulia barabarani, 90. Hofu hupanda, inakaa, kisha inashuka bila kulipwa chochote. Hata isiposhuka upesi, anajifunza kwamba anaweza kuibeba mpaka mhadhara uishe. Hakuna anayemwambia "usiogope". Hilo aliambiwa miaka yote, halikusaidia.

Kwa mwenye OCD aliye na ADHD pia, tiba hii ikitolewa kama kitabu kinavyosema huanguka. Atapewa mazoezi matano, atapoteza karatasi, atarudi na aibu, mara ya tatu hatarudi kabisa. Wataalamu wanaojua hufupisha. Zoezi moja, si matano. Linaandikwa kwenye kadi moja au linawekwa kwenye uso wa simu. Kengele ya simu inalia saa ya zoezi, ile kengele ya bweni imerudi kwa mlango wa nyuma. Zoezi la kwanza linafanyika palepale kliniki, bila kungoja kesho. Miadi inakuwa mifupi, na ujumbe wa kumkumbusha hutumwa asubuhi yake. Haya hayamponyi ADHD, yanampa sehemu ya kushika. Na mtaalamu anakuwa macho kwa jambo moja gumu: kumfundisha mwenye ADHD kutumia orodha na kukagua vitu vyake ni ushauri mzuri, isipokuwa kwa mwenye OCD orodha inaweza kugeuka ibada mpya. Kwa hiyo orodha inatazamwa mara moja, kisha inafungwa.

Kwenye dawa ndipo uvumi unapojaa. Dawa za OCD ni zile zinazotumika pia kwa sonona, zinazoongeza nguvu ya serotonini, kemikali ya ubongo: fluoksetini, sertralini na ndugu zao. Kuna pia klomipramini, ya zamani zaidi, iliyo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu kwa ajili ya OCD hasa. Hazilevyi na hazimfanyi mtu teja. Ila zinataka subira: wiki 8 hadi 12 kabla ya kuhukumu, na mara nyingi dozi kubwa kuliko ya sonona. Mgonjwa wa sonona anaweza kutosheka na miligramu 20 za fluoksetini. Wa OCD daktari anaweza kumpandisha taratibu hadi 60. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema dawa haifanyi kazi, wakati haijaanza hata kazi. Katika wiki za mwanzo baadhi ya walio chini ya miaka 25 husumbuka, hawakai chini, na wachache hupata mawazo ya kujidhuru. Onyo hilo liko kwenye dawa hizi Marekani kwa vijana wa miaka 18 hadi 24 tangu 2007. Hiyo ndiyo sababu tarehe ya kurudi ilikuwa karibu. Kutotulia kwa siku hizo kusichukuliwe haraka kuwa ADHD imezidi, inaweza kuwa ni dawa.

Dawa za ADHD zenye nguvu ni za kuchangamsha, kama methilfenideti inayojulikana kwa jina la Ritalin. Hizi hazingoji wiki. Ndani ya saa moja hivi mtu anaiona tofauti. Je, zinachochea OCD? Kwa baadhi ya watu, ndiyo. Ni kama tochi iliyotiwa betri mpya, inamulika kwa nguvu popote ilipoelekezwa, na ikiwa imeelekezwa kwenye kufuli, basi kufuli. Kwa wengine mambo huwa kinyume: wakiweza kuwa na akili pale mkono unapofunga mlango, shaka haina pa kuanzia. Kwa hiyo si marufuku kama watu wanavyosema. Daktari huanza na dozi ndogo, hupanda polepole, na hupima mapigo ya moyo, shinikizo la damu na uzito. Anayekataa moja kwa moja kumpa mwenye OCD na anayempa bila kumfuatilia, wote wawili siwaelewi.

Kuna na atomoksetini, ambayo haichangamshi kwa namna ile na huchukua wiki kadhaa. Hapa pana mtego unaostahili kueleweka na kila anayenunua dawa mwenyewe kwenye duka la dawa. Ini husaga atomoksetini kupitia dirisha moja, na fluoksetini hukaa mbele ya dirisha hilohilo kama mteja anayebishana na karani wa benki. Foleni inajaa. Atomoksetini inabaki kwenye damu nyingi kuliko ilivyokusudiwa, moyo unaenda mbio, na dozi iliyoandikwa ilikuwa sahihi kabisa. Zinaweza kutumika pamoja, lakini na mtu anayejua. Klomipramini nayo haichanganywi na fluoksetini kiholela. Na tramado, ambayo vijana wengine humeza kwa maumivu au kwa starehe, ikikutana na dawa za serotonini inaweza kuleta homa, mtetemo na degedege. Mwambie daktari kila unachomeza, mpaka majani.

Wapi pa kwenda? Jina la Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili ya Kampala, limegeuzwa tusi mitaani, na kwa sababu ya tusi hilo watu hukaa na ugonjwa miaka. Hospitali ile ya rufaa ya taifa ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Mtu huingia asubuhi, huonwa, hurudi nyumbani jioni. Hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Mbale na Arua zina vitengo vya afya ya akili, na huduma za serikali hutolewa bila malipo, ingawa dawa huisha na mtu akaandikiwa anunue nje. Madaktari bingwa ni wachache kwa nchi ya watu karibu milioni 46 kwa sensa ya 2024, na wengi wako Kampala, kwa hiyo mikoani huenda atakayekuona ni afisa wa kliniki wa magonjwa ya akili. Usimdharau, kazi hiyo ndiyo aliyosomea. Fluoksetini ni rahisi kuipata kuliko dawa za ADHD, na hilo peke yake mara nyingi huamua kipi kinaanza kutibiwa. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018 ilichukua nafasi ya ile ya 1964, na kijana mwenye miaka 18 anaweza kwenda na kukubali tiba mwenyewe. Senga na jajja, yaani shangazi na bibi, wataarifiwa akipenda.

Mama alisikiliza yote haya huku akipima mchele wa watu. Kisha akauliza lililokuwa linamkera tangu mwanzo: kwa nini daktari amemkataza kumjibu mwanawe simu? Hakumkataza simu, amemkataza jibu. Kila asubuhi mtoto alikuwa anampigia: mama, unadhani nimefunga? Naye, kama mama yeyote, alijibu umefunga mwanangu, nenda darasani. Ni kama mkopo wa salio kwenye simu. Unapata sasa hivi, unaongea, na kesho unakatwa pamoja na ada, kwa hiyo unakopa tena. Kila "umefunga" ilimfundisha kwamba bila sauti ya mama hofu haiwezi kuvumilika. Walikubaliana, mtoto mwenyewe akiwepo, kwamba akiuliza mama atajibu neno moja tu, na hatalibadilisha hata akilia.

Wiki iliyofuata nilikuwa dukani saa moja na nusu asubuhi, natafuta chumvi. Simu ikaita. Akaitazama, akaifuta kwa kanga, akaipokea.

"Sijui," akasema.

Upande wa pili kulikuwa kimya, zikasikika pikipiki na mtu anauza magazeti. Kisha sauti ikasema kitu kingine, nadhani habari ya ada, maana mama alianza kufoka kama kawaida yake. Alipokata simu mkono ulikuwa unatetemeka, na chumvi yangu alinipimia nusu kilo badala ya robo.

"Hofu yangu, tisini na tano kwa mia," akaniambia. "Wamesema mia ni roho kutoka kabisa. Haikutoka."